Flashi ya Nne

Nilimlaza mwanangu juu ya meza ya mtunza kumbukumbu, katikati ya makaratasi yake na kikombe chake cha chai, nikamwambia: "Haya, mwambie yeye kwamba mfumo uko chini. Mwambie mwenyewe."

Mwanangu hakusikia. Kifafa kilikuwa ndiyo kwanza kimemwachia, kimemkamata pale kwenye benchi la mapokezi mbele ya watu wote, na sasa alikuwa kwenye ule usingizi wa baada yake, mdomo wazi, udenda ukimtoka, gauni limelowa. Mkojo uliingia kwenye karatasi za yule mzee. Sikujali. Mpaka leo sijali.

"Mama, huku ndani wagonjwa hawaruhusiwi," alisema.

"Na kule nje hawatibiwi. Chagua."

Wiki sita nilikuwa nikisimama kwenye dirisha lao. Wiki sita yule dada wa dirishani alikuwa akinijibu bila kuinua macho: mfumo uko chini, mama, rudi wiki ijayo. Mara ya kwanza nilisema asante. Mara ya pili nilisema asante. Nimelelewa hivyo, hospitalini unanyenyekea, usije ukapata sindano ya hasira. Lakini siku ile mtoto alianguka kutoka kwenye benchi, palepale chini ya dirisha, na yule dada akachungulia, akaona, akasema, "Pole jamani. Ila mfumo bado." Ndipo nilipopita mlango ulioandikwa wafanyakazi tu.

Nieleze nilichokuwa nakitafuta, maana watu wengi walidhani nataka cheti au bima. Nilikuwa nataka jina moja la dawa.

Binti yangu ana miaka minne. Kifafa kilimwanza kabla hajatimiza miaka miwili. Dawa ya kwanza aliyopewa ilimchubua. Sisemi ilimwasha, nasema ilimchubua: midomo ilitoka malengelenge, macho yakafunga, ngozi ya mgongo ikawa inabaki kwenye kanga ninapomwinua, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Tulilala wodini siku kumi na moja. Alipopona, daktari aliyekuwepo wakati ule alimbadilishia dawa, akaniangalia usoni akasema, "Mama, ile ya kwanza asiiguse tena maisha yake yote. Akiirudia inaweza kumwua." Akaandika kwenye kompyuta. Niliona maandishi mekundu yakitokea juu ya jina la mwanangu.

Nikamwomba aniandikie na mimi. Akacheka vizuri tu, hakuwa mtu mbaya. "Ya nini, mama? Iko kwenye mfumo. Hata daktari mgeni akifungua, inamrukia machoni."

Daftari la mtoto, lile la kurasa arobaini lenye picha ya twiga ambalo tulikuwa tunakwenda nalo kliniki, walishalichukua miezi mingi kabla ya hapo, siku walipoanza mfumo. Tuliambiwa tuyakabidhi, makaratasi yamekwisha, sasa ni kisasa. Bahasha ya dawa ilikuwa imeandikwa 1×2, basi. Wodini nako walikuwa wameacha kuandika vitabu. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, najua kusoma na najua kuandika, na sikuandika. Hilo ni langu, nalibeba. Mengine si yangu.

Sasa ile dawa ya pili ilikuwa imezidiwa. Mtoto amekua, kifafa kimerudi, mara mbili kwa wiki, halafu mara nne. Daktari wa zamani ameondoka kwenda kusoma nje ya nchi, simu yake haipatikani. Daktari mpya aliniambia wazi: zipo dawa mbili ninazoweza kumwongezea, na kwa ulivyonieleza, mojawapo ndiyo ile iliyomchubua. Siwezi kubahatisha. Niletee kumbukumbu.

Kwa hiyo nilimlaza mezani.

Yule mzee wa kumbukumbu alifunga mlango. Akaleta shuka la wodini, akamfunika mtoto, na hilo nalitaja kwa sababu ni kweli. Kisha akasema yale ambayo dirishani hawakuyasema.

Mfumo haukuwa chini. Mfumo ulikuwa umekufa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza ile kompyuta kubwa inayoshika habari za wagonjwa wote. Mpya ilishaletwa, ilikuwa imekaa pale pembeni bado ina nailoni.

"Basi zitieni hizo habari humo," nikasema.

"Bakapu ipo, nakala ya habari zote," akasema. "Ila iko kwa watu."

"Kwa watu gani?"

Akavuta droo, akatoa flashi moja nyeusi, imefungwa plasta ya jeraha, juu ya plasta imeandikwa namba moja kwa peni.

Alinieleza taratibu, kwa fahari kidogo, kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga. Bakapu yote ilikuwa kubwa, haikuenea kwenye flashi moja, basi mtaalamu aliyewafungia mfumo akawaonyesha jinsi ya kuigawa mafaili manne. Hapo kamati ya hospitali ikakaa. Kabla ya hapo kuna mfanyakazi aliwahi kuondoka na kompyuta ya stoo, kwa hiyo hakuna aliyemwamini mwenzake. Mjumbe mmoja akasimama akasema: tufanye kama sanduku la kikundi. Kila mtu Arusha hii anajua sanduku la kikundi cha akina mama: kufuli tatu, funguo tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, asiweze mmoja kufungua peke yake. Kamati ikapiga makofi. Flashi nne, watu wanne. Yeye ya kwanza, dereva wa gari la wagonjwa ya pili, mtu wa stoo ya tatu, matroni ya nne.

"Na wako wapi hao?"

"Wa stoo ameshaleta. Dereva aliacha kazi, yuko gereji kule Sakina. Matroni amestaafu, yuko kwao Nkoaranga. Tumewapigia."

"Mmewapigia wiki sita?"

"Matroni simu yake haishiki vizuri. Kule ni mlimani."

"Mzee," nikamwambia, "mlimani si mwezini. Niandikie barua, ugonge mhuri, nakwenda mimi."

Akaanza kunieleza kwamba zile ni siri za wagonjwa, haiwezekani mtu baki akabidhiwe. Nikamuuliza siri gani inayokaa gereji. Akaandika barua. Akagonga mhuri mara mbili, wa kwanza haukutokea vizuri.

Kesho yake nilifunga chumba ninachosukia nywele hapo Olasiti, nikamwacha mteja na nusu kichwa, nikamsihi aje jioni. Mtoto mgongoni. Siwezi kumwachia mtu. Majirani wanampenda akiwa mzima, akianza kutikisika wanakimbia, wengine wanasema usiguse lile povu.

Sakina nilimpata dereva chini ya Noah iliyoinuliwa kwa jeki, miguu tu ikionekana. Nikaiamkia ile miguu. Ikaitikia.

"Nimetumwa flashi ya hospitali."

Akatoka, mtu mfupi, mikono grisi mpaka viwikoni. Alisoma barua yote, akaangalia mhuri, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu zaidi.

"Bado mpo na hicho kitu? Mimi nilidhani mmeshanisahau." Akaenda kwenye ukuta, akashusha shada la funguo, na flashi ilikuwa hapo katikati ya funguo za magari ya watu, imezungushiwa mpira wa tairi ya baiskeli. "Hii sijawahi kuichomeka popote, dada. Hata sina pa kuichomekea. Kumbe natembea na wagonjwa wote wa Arusha kiunoni!"

Fundi mwenzake akasema kutoka kwenye boneti, "Ndiyo maana mgongo unakuuma."

Walicheka. Na mimi nilicheka, nakiri. Flashi zilikuwa zimetimia tatu kati ya nne, na mtoto alikuwa macho, anaomba biskuti. Dereva alimnunulia. Wakati naondoka akaniambia, "Matroni usiwe na wasiwasi naye. Yule ni mwamba. Kitu cha hospitali kwake ni kama cha madhabahuni."

Nkoaranga nilikwenda siku ya pili. Kutoka barabara kuu nilipanda pikipiki mpaka ilipogoma, mvua ilikuwa imenyesha, nikamalizia kwa mguu kati ya migomba na kahawa, njia imesimama kama ngazi, mtoto mgongoni anahesabu migomba. Anahesabu moja, mbili, tatu, tano. Kwa wakati ule bado alikuwa anahesabu.

Matroni alikuwa mlangoni anachambua maharage. Mama mkubwa wa mwili, miwani, kitambaa kimefungwa sawasawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mtoto ana nini machoni?"

Aliona kabla sijasema. Ndivyo walivyo manesi wa zamani. Akampokea, akamlaza kwenye kochi, akampima homa kwa mgongo wa mkono. Akatuletea loshoro, bakuli kubwa la mahindi na maziwa, maziwa yameganda vizuri, akasema hatuzungumzi chochote mpaka mtoto ameshiba. Televisheni ilikuwa inaonyesha video: kanisa, vijana wamevaa nguo nyeupe, mchungaji anawawekea mikono kichwani. Mjukuu wake alikuwa amepata kipaimara. Matroni akanionyesha kwa kidole, yule wa tatu, yule mrefu. Nikasema hongera.

Tuliangalia sana. Keki ilikatwa, shangazi walicheza, mshereheshaji akamwita matroni mwenyewe mbele, akavishwa kitenge. Mtoto wangu alikuwa anapiga makofi na mdomo una maziwa.

Kisha nikampa barua. Akaisoma ameishika mbali na macho.

"Ahaa, flashi," akasema. Akaangalia televisheni.

Na mimi nikaangalia televisheni. Pembeni, ubavuni mwa kioo, ilikuwa imechomekwa flashi nyeusi. Ina plasta. Imeandikwa nne.

Nadhani nilikuwa bado natumaini kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa humo pamoja na kingine.

"Mpiga picha alitaka flashi," alisema matroni. "Siku ile watu wamejaa, kila mtu ananiuliza mama flashi iko wapi, mama flashi. Nikakumbuka hii ipo kabatini, kwenye kitambaa. Akaiweka kwenye kompyuta yake akasema, mama, imejaa. Kuna faili moja tu kubwa, halifunguki. Nikamwambia hebu jaribu tena. Akajaribu. Halifunguki. Akasema hili limeharibika, ni uchafu, nifute? Nikamwambia futa."

"Ukamwambia futa."

"Mwanangu, halikuwa linafunguka."

"Lisingefunguka, mama. Ni robo. Lilikuwa linangoja wenzake."

"Sikuambiwa hivyo. Niliambiwa tunza. Nimelitunza miaka miwili." Sauti yake ikapanda. "Mimi nimetunza funguo za kabati la dawa kali miaka thelathini, hakijapotea hata kidonge!"

"Na leo umepoteza hospitali nzima."

Nilisema hivyo kwa mtu mzima, sebuleni kwake, loshoro yake ikiwa tumboni mwa mwanangu. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge, akavaa, akavua tena. Kisha akainuka, akachomoa flashi, kioo kikawa cheusi katikati ya wimbo, akanipa mkononi. Nilipotoka alinifuata na mkungu wa ndizi, ameubeba mwenyewe, anateleza kwenye tope. Nilitaka kuukataa. Nikaupokea, kwa sababu mtoto anakula ndizi. Nilishuka mlima ule nimembeba mtoto nyuma na mkungu mbele, na nilikuwa na hasira na ndizi.

Hospitali ilikuwa imemwita fundi wa kompyuta, dada mmoja mwenye kilemba na begi mgongoni, mtaratibu, haongei maneno mawili panapotosha moja. Mzee wa kumbukumbu alizipanga flashi nne mezani kama karata. Nikawaambia mapema kuhusu kipaimara. Mzee akasema tusikate tamaa.

Fundi aliichukua ile ya nne kwanza, akaichimba kwa muda wa karibu saa tatu kwa programu ya kufufua vitu vilivyofutwa. Alifufua picha za keki. Alifufua nusu ya wimbo. "Video imekalia palepale lilipokuwa faili," alisema. "Lingekuwa limefutwa tu, ningelipata. Limefutwa likakaliwa."

"Basi tumia hizo tatu," mzee akasema. "Tupate robo tatu ya wagonjwa. Huenda huyu mtoto yumo."

"Hakuna robo tatu."

"Kivipi hakuna? Tatu kwa nne!"

Fundi akachukua karatasi kutoka kwenye printa, ile iliyokuwa na maandishi, akaichana kwa urefu, kutoka juu mpaka chini, vipande vinne vyembamba. Akatupa kimoja kwenye ndoo ya taka. Akampa mzee vitatu. "Nisomee jina la mtu wa kwanza."

Mzee akavishika. Alivisogeza, akaviunga, midomo yake ikajaribu. Kila mstari ulikuwa na tundu.

"Na hii yenyewe ni afadhali," fundi akasema, "wewe una macho, unaweza kukisia. Kompyuta haikisii. Inakataa." Akabonyeza, akatugeuzia kioo. Kulikuwa na sentensi fupi nyekundu. Akatutafsiria: seti hii ina sehemu nne, umeleta tatu, kazi imesitishwa.

"Sisi tulidhani tukigawa tumelinda," mzee alisema. "Kama sanduku."

Mimi niko kwenye kikundi. Mwaka jana mwenye ufunguo wa pili alifiwa akasafiri, tukalipiga kufuli nyundo, tukaendelea na kikao. Nilimwambia fundi hivyo, nikamuuliza hapa nyundo ni ipi. Akatikisa kichwa. Akamuuliza mzee kama kuna bakapu nyingine yoyote, hata ya zamani. Hakuna, kila walipopiga mpya waliandikia juu ya ya zamani, kwenye flashi zilezile, mpaka matroni alipostaafu. Akamuuliza kama kuna siku waliwahi kujaribu kuirudisha, kwa majaribio tu, kuona kama inarudi.

Mzee alisema, "Tungejaribuje wakati mfumo ulikuwa unafanya kazi?"

Fundi akafunga begi lake.

Daktari mpya hakubahatisha. Namshukuru, ingawa kwa shingo upande. Alimwongezea dawa nyingine, nje ya zile mbili, inayomlaza tu, dhaifu, akatuandikia rufaa. Hospitali ya rufaa wametupa tarehe ya miezi mitatu mbele. Nilimuuliza kama huko watajua. Akasema watajaribu moja ya zile mbili kwa kiasi kidogo sana, mtoto akiwa kitandani, huku wanaangalia ngozi.

"Yaani watamwonjesha."

"Ndiyo, mama. Kwa uangalifu."

Tunangoja hiyo tarehe. Mwanangu analala sana. Wiki iliyopita alianguka kwenye kizingiti cha jikoni, meno mawili ya mbele yakaingia ndani ya fizi. Akiamka ananiita mama, anataja maji, anataja ndizi. Kuhesabu ameacha. Nikimwambia moja, ananiangalia kama nimesema Kiingereza.

Kuhusu malalamiko: nilikwenda kwa katibu wa mganga mfawidhi, nikaambiwa nitumbukize kwenye sanduku la maoni. Nikasema hapana, hili linapokewa kwa mkono na nakala yangu inagongwa mhuri. Katibu akasema hawana utaratibu huo. Nikavuta kiti nikakaa, mtoto mapajani. Mpaka saa saba mchana utaratibu ulikuwa umepatikana. Niliandika kwa mkono wangu, bila kusaidiwa na mtu, na hivi ndivyo ilivyokwenda:

*Kwa Mganga Mfawidhi.*

*Yah: Malalamiko kuhusu kupotezwa kwa kumbukumbu za matibabu ya mtoto wangu.*

*Mimi ni mama wa mtoto wa kike wa miaka minne, mkazi wa Olasiti. Mtoto wangu alidhuriwa na dawa akiwa anatibiwa hapa kwenu, akalazwa siku kumi na moja. Jina la dawa hiyo mliliandika ninyi. Mlichukua daftari lake, mkasema halihitajiki. Sasa hamlijui jina hilo, na mimi silijui.*

*Nalalamika kwamba kumbukumbu za wagonjwa wote mlizigawa vipande vinne, kila kimoja nakala moja tu, mkawapa watu wanne bila kuwaeleza kwamba kikikosekana kimoja vyote havina kazi. Nalalamika kwamba hamkujaribu hata siku moja kuzirudisha. Simlalamikii aliyefuta. Nawalalamikia waliompa.*

*Nalalamika kwamba kwa wiki sita niliambiwa mfumo uko chini wakati mlijua umekufa. Ningeambiwa ukweli siku ya kwanza, ningekwenda rufaa siku ya pili.*

*Naomba mambo haya. Mniandikie kwa karatasi, kwa sahihi na mhuri, kwamba mtoto huyu alichubuliwa na dawa ya kifafa na kwamba hospitali haijui ni ipi, ili daktari yeyote asidhani mama anatunga. Muwatafute wazazi wengine, maana mwanangu hawezi kuwa peke yake aliyekuwa na maandishi mekundu, na wao bado wanaambiwa warudi wiki ijayo.*

*Barua hii iingie kwenye faili lake. Kama hana faili, lifunguliwe leo. Majibu nitayafuata mwenyewe Jumatatu, saa mbili asubuhi, na kila Jumatatu baada ya hiyo.*

*Mimi, mama yake.*